Alama Saba za Valence

"Haya, beki wa kushoto," alisema Mzee Kajetani, na kijiwe kizima kikaangua kicheko kabla mtu hajasema neno.

Skolastika hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake palepale barazani, karatasi ya manila mapajani, kalamu ya wino mnene mkononi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio tangu walipomaliza kumjadili golikipa.

Ngoja niwaeleze kwanza hiki kijiwe, msije mkanipotea. Hapo Bombambili, Songea, kwa Mzee Kajetani fundi baiskeli, timu ya taifa ikicheza leo, kesho yake asubuhi watu wanakusanyika kutoa alama. Na siyo porojo. Anatajwa mchezaji mmoja mmoja, watu wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama, halafu mzee anafunga mjadala kwa kutaja alama kati ya kumi. Akishataja, imeisha. Binti yake Skolastika ndiye mwandishi, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Karatasi inabandikwa ukutani, Muhsini wa bodaboda anaipiga picha na kuirusha kwenye makundi ya simu, na ikishafika huko haina mwenyewe tena. Peramiho wanaisoma, Mbinga wanaisoma, mpaka Nakapanya kule Tunduru kuna watu hawajui waseme nini kuhusu mechi mpaka waone alama za Mzee Kajetani. Na sifa yake ni moja tu: kwenye alama mzee hajui mjomba wala shangazi.

Sasa hiyo mechi ya Ijumaa, kama uliitazama, pole. Mechi ya kirafiki, nyumbani, sare ya bila kufungana, wageni wanatembea uwanjani kama watu waliokuja kuchukua mizigo yao. Pasi kwenda nyuma, pasi kwenda pembeni, pasi kwenda kwa mshika kibendera. Lakini huyo beki wa kushoto alikuwa na balaa lake peke yake. Ni Valence Komba, kijana wa Maposeni, mara yake ya kwanza kuitwa timu ya taifa. Songea nzima ilikaa mbele ya televisheni kwa ajili yake. Akapigwa chenga ileile mara nne, akamrudishia kipa mpira mfupi nusura wafungwe, na dakika ya hamsini na tano akatolewa. Alipita mbele ya benchi ameinamisha kichwa.

Beda seremala alisema kijana alikuwa anakimbia kama amevaa viatu vya kuazima. Muhsini akadai lile pengo la kushoto hata yeye angepita na pikipiki yake, tena na abiria. Mzee Kajetani aliwaacha wachoke, akafuta mikono yenye grisi.

"Mbili," alisema.

Kalamu ya Skolastika ikasimama.

Kitu ambacho kijiwe hakikujua, na mzee mwenyewe hakujua, ni kwamba Valence alikuwa mchumba wa Skolastika. Mwaka wa pili sasa, kwa siri. Tena Jumapili ya wiki inayofuata mshenga wa Valence alipangwa kuja na barua ya posa.

Siri ya nini? Siri kwa sababu mzee alishaapa kwamba mcheza mpira hataoa nyumbani kwake. Enzi zake naye alikuwa winga, winga hasa, mpaka alipovunjwa goti. Timu ilimtembelea mara moja na mfuko wa sukari, ikaaga, haikurudi. Mkewe, Mama Getruda, ndiye aliyemuuguza, akalima, akauza mahindi, akalea, mpaka mzee akajifunza ufundi wa kukaa chini. Mpira hakuuacha kuupenda. Ila kila akiligusa lile goti husema, "Mpira ukikutupa, anayekuokota ni mkeo. Mimi sitaki mwanangu awe mwokotaji."

Kwa hiyo wale wawili walipanga mipango yao. Valence atacheza, ataupiga mwingi, mzee kwa mdomo wake atampa nane, na mshenga aingie wakati tabasamu halijamtoka. Mipango ya wapendanao hiyo, usiicheke.

Na sasa mzee amesema mbili. Skolastika aliitazama karatasi, akamwona Valence anavyopita mbele ya benchi, na mkono wake ukaandika saba. Ndiyo, saba. Hakupanga. Watu walikuwa wameshahamia kwa viungo na kelele zao, mzee hakuwa amevaa miwani, na Muhsini alipiga picha bila kusoma.

Saa sita mchana simu yake ikaita mlio wa ujumbe. Tangu jana yake Valence alikuwa amezima simu, kwa hiyo Skolastika nusura aliangushe gauni la watu.

"Nani kanipa saba?"

Akajibu haraka: "Kijiwe. Wameona ulivyojitahidi."

Ikapita dakika moja, simu ikaita. Skolastika akaingia ndani, akafunga mlango.

"Skola, mimi ndiye niliyekuwa uwanjani," alisema Valence. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye hajalala.

"Najua."

"Basi hiyo saba haikuwepo. Na baba yako ninavyomsikia, hawezi kunipa saba. Umeandika wewe."

Skolastika akaegemea mlango.

"Alisema ngapi?"

"Mbili."

"Mbili ningeibeba," alisema Valence. "Anayenipa mbili ananiambia rudi mazoezini. Wewe umenifunika shuka kama mgonjwa. Umenionea huruma, Skola, na huruma yako ndiyo siiwezi."

"Sikukuonea huruma. Nilikuwa nakupenda, mkono ukaenda."

Valence akasema atamwambia mshenga asubiri kwanza, kwa sababu hawezi kuingia kwa Mzee Kajetani kwa alama ya kughushi. Hakugomba, hakupandisha sauti. Aliaga vizuri tu, na hilo ndilo lililomuumiza Skolastika zaidi. Alikaa juu ya kitanda akalia kilio cha kimyakimya, cha kuogopa mama asisikie. Jioni ukaingia ujumbe mwingine mrefu. Aliusoma, akaurudia, akalia upya.

Jumapili mambo yakaharibika kabisa. Skolastika na mama yake walitoka kanisani wakakuta kijiwe kimejaa kuliko siku ya kazi. Kumbe tangu usiku makundi ya simu yalikuwa yanawaka moto. Wapo waliosema mzee kahongwa. Wapo waliosema ameanza kupendelea watoto wa nyumbani. Mmoja alirekodi sauti ya dakika tano akiomboleza kwamba kijiwe pekee cha haki Ruvuma nzima kimekufa. Beda alikuwa anaapa kwa masikio yake mawili kwamba alisikia mbili, na Muhsini anaapa kwamba yeye ni mpiga picha tu.

Mzee Kajetani alikuwa amesimama mbele ya ukuta, miwani puani, uso karibu uguse karatasi. Akaisoma ile saba. Akageuka, macho yakakutana na ya binti yake. Hayakukaa muda mrefu, lakini Skolastika alijua kwamba baba amejua.

Akafungua kinywa akiri mbele za watu. Mzee akamuwahi.

"Saba niliisema mimi," mzee alisema. "Nilikosea."

Miaka yote ya kijiwe kile hakuna aliyewahi kumsikia akitamka kwamba amekosea. Beda alitaka kubisha, akamtazama mzee usoni, akaona heri ameze mate. Mzee akachukua kalamu, akaikata saba, akaandika mbili kubwa pembeni, akaenda zake ndani akiuburuta mguu. Skolastika alitamani ardhi ipasuke. Yaani mtu ametupa jina lake la miaka yote, kwa neno moja, ili mwanawe asiaibike!

Mama Getruda aliandaa chakula, ugali na dagaa wa Nyasa. Mzee alinawa mikono, lakini hakula.

"Skolastika, huyu Komba ni nani kwako?"

Akaeleza yote. Miaka miwili, mshenga, mpango wa nane, mkono ulivyokwenda, simu ya Valence. Hakuficha hata pale pa aibu. Mzee alisikiliza mkono ukiwa juu ya goti, na binti alipomaliza akauliza kitu kimoja tu, kama kijana aliifurahia ile saba.

Skolastika alifungua simu, akampa baba yake ule ujumbe wa Jumamosi jioni. Mzee akavaa miwani, akausoma taratibu, midomo ikicheza.

"Sijakukataa, nakupenda na nitakuoa wewe. Ila siku nikija kwenu nataka baba yako awe ananijua kwa mbili yangu. Nikiingia na saba ya uongo, nitaishi kwa wasiwasi kila mechi kwamba leo ndiyo atanigundua. Nipe muda nirekebishe miguu yangu. Usilie."

Akausoma tena kutoka mwanzo. Akaiweka simu mkekani.

"Kijana ana akili," alisema. "Lakini ni mcheza mpira. Nilishasema sitaki mwanangu awe mwok—"

"Kajetani."

Aliyeita ni Mama Getruda, na mzee akashtuka. Siku zote humwita Baba Skola. Jina lake alilitumia mara chache sana, na hakuna mara ambayo ilikuwa ya mchezo.

"Tangu mtoto huyu anyonye unamwambia kwamba mimi nilikuokota," alisema. "Unawaambia na hao wa kijiweni. Umewahi kuniuliza mimi mwokotaji?"

Mzee hakuwahi.

"Niulize sasa."

"Ulichoka?"

"Nilichoka sana. Kuna siku nililala shambani kwa kuchoka." Mama Getruda alikuwa anavuta sufuria karibu, hamtazami. "Lakini sikujuta. Hata siku moja. Ungeniuliza mapema ningekwambia mapema, ukaacha kumtisha mtoto kwa maisha yangu."

Mzee Kajetani alivua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta na kuifuta, na macho yake yalikuwa mekundu. Mbele ya binti yake aliunyoosha mkono akaushika wa mkewe, jambo ambalo Skolastika hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Aliona haya, akainama. Na ndani ya haya yale alijisikia anawapenda wote wawili mpaka kifua kinauma.

"Mpigie," mzee alisema baadaye.

"Nani, baba?"

"Mpigie, uweke sauti kubwa."

Simu iliita mara mbili tu.

"Skola?"

"Siyo Skola. Ni Kajetani, fundi baiskeli."

Huko Dar es Salaam, kambini kwa timu ya taifa, kitu kilianguka. Kikombe, sahani, sijui.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilikupa mbili."

"Nimesikia, mzee. Ilikuwa haki yangu."

"Yule winga alikuwa anakatisha ndani kila mara, na wewe umesimama wima. Beki hasimami wima. Unainama kidogo, unampa njia ya nje, huko nje ataenda wapi? Ataishia kwenye mstari."

Basi hapo mzee akasahau alichopigia. Alieleza kusimama, akaeleza kugeuka, akauchukua mwiko wa ugali akauweka mkekani kuonyesha winga anapotokea, kana kwamba Valence anaona. Valence naye anaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kwa adabu zote. Mama Getruda akamkumbusha kwamba ugali unapoa. Mzee akakohoa.

"Sasa sikiliza. Mbili ni ya mpira, na kwenye mpira nitaendelea kukupa unachostahili hata ukiwa mkwe wangu. Mke sitoi kwa alama. Mshenga wako aje Jumapili baada ya misa ya kwanza. Asichelewe, mchana huwa nalala."

Upande wa pili ikasikika "asante, baba", imekatika katikati, na kijana wa watu alikuwa analia wala hafichi.

Mzee alimpa binti yake simu, akajinyanyua kwa kushika bega la mkewe, wakatoka wote wawili wakaenda kukaa uani. Chakula walikiacha.

"Val," alisema Skolastika, "nisamehe. Nilikudanganyia kwa watu."

"Nilishakusamehe jana."

"Sitarudia. Lakini usizime tena simu ukiumia. Nilikaa usiku mzima sijui uko hai au vipi."

"Sitazima." Akavuta pumzi. "Na nikicheza vibaya tena? Nitacheza vibaya tena, Skola, ndiyo kazi yenyewe."

"Nitakwambia umecheza vibaya. Halafu nitakupakulia chakula, ule, ulale."

Valence akasema kambi imevunjwa, anapanda basi la kesho alfajiri. Anajua desturi inamtaka akae mbali mpaka mshenga wake amalize kazi, atafikia kwa mama yake Maposeni wala hatakanyaga Bombambili, lakini Dar es Salaam hawezi kukaa hata siku moja zaidi.

Desturi Skolastika naye alikuwa anaijua. Aliangalia mlangoni, akaona migongo ya wazazi wake uani, imekaribiana.

"Njoo hapahapa kwetu," akamwambia.