Sajini Hakutikisa Kichwa

Asubuhi ya sikukuu ya Dasain mvua ilikuwa imepumzika, na Wagurkha, askari wa Nepali katika jeshi la Waingereza, waliopiga kambi katika msitu wa Burma walikuwa wakianika soksi juu ya mianzi. Walikuwa wamechoka kiasi cha kushindwa hata kugombana. Sajini, mbuzi beberu mweusi waliyemwokota Assam na kumpa cheo kwa utani, alipita akiomba chai kwa kila mwenye kikombe.

Ndege ya kuwadondoshea chakula haikuja. Dasain isiyo na damu kwenye silaha ni nuksi ya mwaka mzima, na mbuzi alikuwa mmoja tu.

"Tumkate mwenzetu?" Hastabir aliuliza.

"Kwani unaye mwingine mfukoni, shemeji?" Nandabir alimjibu huku akinoa kisu chake kikubwa.

Hastabir alikuwa mume wa Sunmaya, dada yake Nandabir. Siku ya kuondoka kijijini, Nandabir alimwapia dada yake kwamba atamrudishia mumewe akiwa hai. Kiapo hicho kilimkosesha usingizi kuliko vita vyenyewe.

Mnyama wa sikukuu hakatwi mpaka akubali. Humwagiwa maji, na akitikisa kichwa, amekubali. Sajini alimwagiwa mara tatu. Alisimama tu akiwatazama, maji yakimchuruzika ndevuni. Nandabir miguu ilimuuma, akataka mambo yaishe. Aliinama kana kwamba anamweka sawa, akampulizia sikioni kwa siri. Sajini akatikisa kichwa. Pigo moja likatosha, na kila mtu alikula nyama.

Kesho yake, njiani, tone la maji lilidondoka kutoka kwenye jani likamwingia mwenzao Lalman sikioni. Akatikisa kichwa. Wenzake walipogeuka, kiwiliwili chake kilikuwa chini, kichwa hatua mbili pembeni. Hakuna aliyesikia risasi wala kuona adui.

Siku ya tatu mwingine alitoka mtoni, akatikisa kichwa kukung'uta maji nywelani. Naye vilevile. Pigo moja.

Jina la Sajini halikutajwa tena. Watu waliziba masikio kwa pamba ya kusafishia bunduki, wakatembea mvuani shingo zimekaza. Mbu akitua shavuni, waliacha ashibe.

Kisha malaria ikamshika Hastabir. Mchana kutwa Nandabir alikaa amemshika kichwa kwa viganja viwili.

"Usitikisike, shemeji."

"Si mimi. Ni homa."

"Najua."

Nandabir aliogopa, lakini aibu ilizidi woga. Homa ilipotulia, alimlaza taratibu, akasogea hatua tatu, akapiga magoti. Alitoa pamba masikioni, akajimwagia maji. Aliyedanganya ni yeye, basi achukuliwe yeye.

Shingo haikusogea.

Akajimwagia tena. Na tena. Alijaribu kutikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Shingo ilikuwa ngumu kama gogo.

"Shemeji," Hastabir alinong'ona nyuma yake. "Acha utani. Mbona unanipulizia sikio?"

Nandabir alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Kitu kikaanguka kwenye majani.

Vita viliisha, Nandabir akarudi kijijini milimani peke yake. Sunmaya alimpikia uji mzito wa mtama, akamwekea, akaketi mbele yake. Sunmaya alikuwa amekonda sana. Shingo ya kaka yake ilikuwa imesimama wima, na madaktari wa jeshi hawakuona ugonjwa wowote.

"Kaka, kuna maneno yanasemwa huko kisimani," alisema polepole. "Eti wewe ndiye uliyemuua mume wangu. Si kweli, eti?"

Nandabir aliinua mkono, akaishika shingo yake.

"Basi usiseme. Tikisa kichwa tu, kaka, niwajibu watu."

Alijaribu mpaka jasho likamtoka.  Kisha Sunmaya aliinuka, akaondoa bakuli mbele ya kaka yake kabla hajala.