Ombi la Uhamisho la Sekela

Kila asubuhi Sekela alifagia uwanja, akanywa chai peke yake, akafunga mlango na kuuvaa ufunguo shingoni. Kisha alikwenda shule akipita kando ya vichanja vya kuanikia dagaa waitwao usipa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki mwaka uliopita huko Tukuyu, na baba yake, Bwana Benjamin, afisa uvuvi, akahamishiwa Mbamba Bay. Baba alishinda kwenye doria ziwani, mara nyingine wiki nzima.

Shuleni watoto walicheza kwa Kinyasa, lugha asiyoijua. Sekela aliketi dawati la nyuma na Kunigunda, msichana mwingine asiyesema neno. Hawakuwahi hata kusalimiana. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini Sekela hakumwona yeyote aliyepona kwa kuja kwake.

Baba asipokuwapo, alikula kwa jirani yao, Anti Tumsifu, muuguzi aliyetoka Same. Anti alikuwa Mbuddha. Kila jioni aliketi mkekani mbele ya sanamu ndogo ya Buddha, akafumba macho na kuhesabu pumzi zake.

"Anti, unaomba nini?" Sekela aliuliza siku moja.

"Siombi kitu, mwanangu. Mume wangu alipofariki, nilidhani nami nimekwisha. Mtawa mmoja wa Kibuddha kule Dar es Salaam akanifundisha kukaa na huzuni yangu bila kuikimbia. Hapo ndipo nikaanza kupata matumaini."

Sekela alishika neno la mwisho tu. Naye mtoto wa mtumishi wa serikali anajua kwamba hakuna linalofanyika bila barua! Kesho yake, Anti akiwa jikoni anasonga ugali, Sekela aliinua sanamu na kuweka karatasi chini yake. Tangu hapo aliketi mkekani kila jioni, akihesabu pumzi na kusubiri majibu.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja uchungu ukamzidi, akaangua kilio.

"Anti, Buddha wako hajibu barua!"

Anti aliinua sanamu, akaikunjua ile karatasi na kusoma: "YAH: OMBI LA UHAMISHO KURUDI TUKUYU. Husika na mada tajwa hapo juu. Sababu: hapa sina mtu." Alianza kwa kucheka. Alipofika kwenye sababu, kicheko kilikatika, akamvuta Sekela kifuani.

"Mwanangu, Buddha hahamishi watumishi. Alikuwa mwalimu tu. Kanisani kwenu uendelee kwenda. Hapa tunatulia na kupumua. Upweke ukija, useme, 'Huu ni upweke.' Halafu mtakie heri mtu mwingine ambaye huenda anao kama wewe."

Sekela alifumba macho. "Huu ni upweke," alinong'ona. Alimkumbuka mama yake, machozi yakamtiririka, naye akayaacha yatoke. Baadaye sura ya Kunigunda ikamjia.

Jumatatu alijikaza. "Kunigunda, mbona huchezi na wenzako?"

"Mimi si wa hapa," Kunigunda alijibu, macho chini. "Kwetu ni Litumbandyosi, tunasema Kimatengo. Hapa nakaa kwa shangazi. Nilidhani wewe mtoto wa afisa unaringa."

Sekela alishikwa na aibu. Muda wote ule walikuwa wageni wawili kwenye dawati moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Ijumaa baba alirudi, akaenda kumchukua kwa Anti. "Mwanangu, naona unateseka," alisema. "Nikurudishe Tukuyu kwa bibi yako?"

Sekela aliushika ufunguo wake shingoni. Bado alimkumbuka sana mama yake, na nyumba yao bado ilikuwa kimya. "Ngoja kwanza, baba," alisema. "Kesho Kunigunda anakuja kwetu."

Anti Tumsifu akamrudishia barua yake. "Umeona, mwanangu? Huzuni haikimbiwi ikaisha. Ukitulia ukaitazama, utagundua kuwa si wewe peke yako uliye nayo, na hapo matumaini huanza."

Sekela aliigeuza karatasi, akaomba kalamu, akaandika nyuma yake: "Ombi limesitishwa. Mwombaji amepata mtu."