Alama Hamsini za Kusambaa

Ndugu msomaji, nyumba ile ilikuwa na amani yake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, binti alimtilia baba yake uzi kwenye sindano za kutosha siku nzima. Baba alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Fundi Milimita, maana mshono wake haukupinda. Hawakujua kwamba macho yalikuwa yanamtupa mkono, na kwamba alishona kwa mazoea ya vidole. Siri hiyo waliijua wawili tu, na ndiyo iliyowapa riziki.

Chuoni binti alisoma somo la Vyombo vya Habari na Jamii. Mhadhiri wake, mcheshi aliyependwa na wote, alikuwa na usahihishaji wake. Alama hamsini zilikuwa za utafiti, lugha na ukweli. Hamsini nyingine zilikuwa za kusambaa, yaani kazi yako imetazamwa na watu wangapi mtandaoni.

"Kama hakuna aliyeitazama, mimi naisahihisha ya nini?" alisema, na darasa likacheka. Binti naye alicheka.

Kazi yake ya kwanza ilihusu mitaro iliyoziba nyuma ya soko. Aliihangaikia kweli. Kwenye utafiti, lugha na ukweli akapata arobaini na moja, kwenye kusambaa akapata sifuri. Akaambiwa akikosa tena atarudia mwaka. Hapo ndipo alipomgeukia baba yake.

"Baba, nikupige video ukishona? Ni kazi ya chuo."

"Itaonwa na nani?"

"Na mwalimu tu."

Jamani, hiyo "tu"! Herufi mbili, na nyumba ikaondoka nayo.

Baba alivaa shati lake la kutokea. Alieleza namna ya kukata kola, akawatania wateja wanaonenepa halafu wakamlaumu fundi. Mwishoni binti akamwomba atie uzi mwenyewe. Akakosa tundu. Akalamba uzi, akakosa tena, huku akitabasamu kwa aibu. Binti aliyakata mengine yote, akabakiza hapo, akaiita "Fundi Asiyeona Anakushonea Nguo".

Mji mzima ulicheka. Mhadhiri alimpa tisini kwa jumla, akamsimamisha mbele ya wenzake apigiwe makofi.

Wakati huo mama mmoja aliyekuwa anaozesha alikuwa ameingia kwa fundi.

"Si kwamba nakudharau, fundi. Lakini harusi ya mwanangu ni moja," alisema, akamwekea simu mkononi.

Baba aliisogeza hadi puani, asione kitu. Lakini alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ngoja, ngoja kidogo, nitaipata." Yule mama akachukua kitambaa chake. Wengine wakafuata.

Binti alipozipata habari hizo, alikimbilia ofisini kwa mhadhiri.

"Dokta, naomba unifutie hizo alama. Video nimeshaiondoa."

"Watu wameshaichukua, na alama nimeshazipeleka. Mbona unalia, na wewe ndiye uliyeongoza darasa?"

Hakuwa mtu mbaya, mhadhiri yule. Alishangaa kwelikweli.

Nyumbani cherehani ilikuwa imefunikwa. Baba hakugomba, na afadhali angegomba.

"Umepata ngapi?"

"Tisini, baba."

"Hongera. Na mwalimu, naye alicheka?"

"Alicheka, baba."

Kazi ya ushonaji ikaishia hapo. Siku hizi baba anakaa sebuleni akipiga soga na majirani. Binti akiingia, ananyamaza. Hana kinyongo naye. Ni kwamba hajui tena maneno yake yatafika wapi.

FUNZO

Walimu, mnachokipa alama ndicho mnachokifundisha, hata mkihubiri mengine muhula mzima. Mkipima kazi kwa wingi wa macho, msishangae vijana wakiwauza wazazi wao ili wafaulu. Nanyi vijana, kabla hamjamrekodi mtu, mwambieni wazi nani atamwona. Somo ukifeli utalirudia. Baba aliyeacha kuongea mbele yako, huyo sijui utamrudia wapi.