Uyoga wa Babu Telesphor

Kila Jumamosi asubuhi Sesilia alifagia sebule ya nyumba yao, ghorofa ya tatu huko Barking, London, kisha akampelekea Babu Telesphor chai. Oktoba ile ya mwaka 1998, Babu alirudisha kikombe kikiwa kimejaa. Alikuwa mgonjwa, na kwa wiki tatu hakuwa amekula cha maana.

"Mke wangu," alimtania mjukuu wake, "unangoja nife njaa uolewe na kijana? Nileteeni uyoga wa kwenye misonobari, kama kule kwetu Mufindi. Huo nitakula."

Mama aliwachukua Sesilia na mdogo wake Kelvin, wakapanda treni hadi msitu wa misonobari nje ya jiji. Aliokota uyoga wa rangi ya chungwa, akaukata. Yakatoka maziwa ya rangi ya karoti.

"Huu unaliwa. Ukitoa maziwa meupe, tupa. Kata kila mmoja hapahapa, kabla maziwa hayajakauka. Umesikia, Sesi?"

Sesilia alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amesikia.

Mvua ikaanza. Vidole vya Sesilia vikafa ganzi.

"Changu kimejaa!" Kelvin alitikisa kikapu. "Wewe bado unapasua, daktari?"

Sesilia akafunga kisu, akajaza kikapu chake harakaharaka.

"Umekata wote?" Mama aliuliza.

"Wote."

Nyumbani Sesilia aliukatakata uyoga. Maziwa yalikuwa yamekauka; uyoga wote ulifanana. Mama akaupika katika sufuria moja, akasonga ugali.

Babu alikuja mezani mwenyewe, amefunga vifungo vyote vya shati. Alimega tonge, akachovya.

"Babu, usile!" Sesilia alisema kwa Kiswahili, ili Babu naye aelewe. "Sikukata wote. Nilidanganya."

Mama alimnyang'anya Babu sahani, akamwaga sufuria nzima kwenye pipa la taka.

"Wangu niliukata wote, ulikuwa mzuri!" Kelvin alilia.

"Sasa nani ataujua?" Mama alisema. "Umechanganyika wote."

Babu alinawa mkono. "Ahsante, mke wangu," alisema, akarudi kitandani.

Jumamosi iliyofuata walirudi msituni. Baridi kali ilikuwa imeuozesha uyoga wote. Mwezi Novemba wakamzika Babu.

"Ni kosa langu, Mama?" Sesilia aliuliza.

"Ugonjwa ndio uliomuua," Mama alijibu huku akikunja mashuka ya Babu. "Ungenyamaza siku ile, huenda tungemzika mapema. Ulisema kweli, ukafanya vema. Lakini ungekata kila mmoja, angekula. Kazi uliyopewa ifanye palepale. Ukweli wa mezani ulimwokoa Babu, haukumshibisha."