Viazi Kumi vya Telesia

Kila Jumatatu na Alhamisi, masomo yalipokwisha, wanafunzi kumi na wawili wa kundi la mazoezi walibaki shuleni. Walipanga mabeseni yao chini ya kilima kilicho nyuma ya shule yao ya Lyamkena, mjini Makambako. Juu ya kilima, Mwalimu Cresensia alikuwa ameshaweka gunia la viazi.

Zoezi lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Unapanda mbio, unachukua kiazi kimoja, unashuka na kukiweka kwenye beseni lako, unachuchumaa na kusimama mara kumi na tano, kisha unapanda tena. Mizunguko kumi, viazi kumi. Hakuna aliyeondoka mpaka wa mwisho amalize au akubali kushindwa. Waliotangulia walimngoja huku wakimpigia makofi.

Wa mwisho alikuwa Telesia, siku zote.

Hakuwa mgonjwa wala mvivu. Alikuwa mkimbiaji wa kawaida tu. Mizunguko mitano ya kwanza alikwenda vizuri, lakini kwenye wa sita sauti ilianza kumwambia moyoni, "Huwezi. Tazama, wenzako wanakungoja." Makofi yale yalimuuma kuliko mapaja.

"Telesia, ugali wa kwetu unapoa," Hilario, mmoja wa waliotangulia, alimtania. Wote walicheka, naye akajilazimisha kucheka. Mara tatu alikuwa ameishia njiani.

Safari hii alitaka sana kumaliza. Jumamosi kundi lingekwenda kushindana mbio Bulongwa, na wangechaguliwa wale tu watakaomaliza mizunguko kumi siku ya Jumatatu. Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko Bulongwa. Hawakuwa wameonana tangu Januari. Telesia alimsikia kwenye simu ya bibi yake, aliyekuwa akiishi naye, lakini sauti haina mikono. Alilala na kitenge cha mama, ingawa harufu yake ilikuwa imeshakwisha.

Jumatatu ukungu ulishuka mpaka kilima hakikuonekana. Kwenye mzunguko wa saba Telesia alifika juu peke yake, akihema. Alichukua kiazi kimoja. Akatazama nyuma. Akachukua cha pili, akakificha ndani ya sweta. Mzunguko wa nane alifanya vilevile. Beseni lake likawa na viazi kumi.

"Leo umekula nini?" Beatha, rafiki yake, alimwuliza akicheka. Mwalimu alihesabu viazi, akaandika jina lake.

Jioni, kabla ya chakula, Bibi Dorosela alifumba macho. "Bwana, umempa mjukuu wangu pumzi ya kumaliza. Mfikishe salama kwa mama yake."

Telesia alijaribu kusema amina. Haikutoka.

"Mbona kimya?"

"Bibi, sikumaliza. Nilibeba viazi viwili viwili."

Bibi alimshika mkono. "Mungu amesikia, na mimi nimesikia. Nani mwingine anapaswa kusikia?"

"Mwalimu. Lakini bibi, nikimwambia sitamwona mama."

"Najua, mjukuu wangu. Nami nilitaka umwone. Kula kwanza."

Kesho yake Telesia alikwenda ofisini, akaeleza yote. Mwalimu Cresensia alichukua kalamu, akalikata jina lake.

"Huendi Bulongwa. Unaelewa?"

"Naelewa, mwalimu."

"Alhamisi utakuja mazoezini?"

"Nitakuja."

Alhamisi alitangulia kuwaambia wenzake alivyobeba viazi viwili viwili. Kisha wakaanza. Kwenye mzunguko wa sita sauti ile ilirudi. Hakubishana nayo. Aliomba, "Bwana, kiazi kimoja tu." Alipokiweka kwenye beseni, akaomba kingine. Kwenye wa kumi miguu ilikuwa mizito kama ina tope, na makofi yakaanza. Hilario alitoka kwenye mstari wa waliomaliza, akapanda naye sambamba.

"Twende," alisema. "Ugali tutapasha."

Alimaliza wa mwisho. Lakini alimaliza.

Jumamosi alfajiri alisimama kando ya barabara mpaka gari la wenzake lilipopotea upande wa Njombe. Alirudi nyumbani, akakunja kitenge cha mama, akakikunjua tena.

Jumapili baada ya misa, Mwalimu Cresensia alifika kwao na kifurushi. Ndani mlikuwa na soksi za sufu.

"Zimetoka kwa mama yako. Alijua tunakuja, akakutafuta kwenye gari, kiti kwa kiti," alisema. "Nikamweleza kwa nini hukuja."

Telesia aliinamisha kichwa. "Alisemaje?"

"Alilia kidogo. Halafu akasema, mwambie nitaomba ruhusa nije Alhamisi moja, nisimame na hao wanaopiga makofi."

Telesia alizikumbatia zile soksi. Mwalimu aliketi karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile ya ukungu miguu yako ilikuwa bado na nguvu. Kilichochoka ni moyo, kwa sababu uliona haya kungojewa. Moyo ukichoka, usiudanganye. Uombee, kisha upe kazi ndogo unayoiweza, na baada ya hiyo nyingine. Na wanaokungoja usiwakimbie. Anayekungoja anataka ufike."

Nje, bibi alikuwa akiwasha moto. Telesia alivaa soksi, akaanza kuhesabu Alhamisi. Siku mama atakapokuja, hata akiwa wa mwisho, hataona haya kungojewa.