Tapsell wa Pili

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote ya Novemba mjini Haverstone: manyunyu nje, moto mdogo ndani, na chai ya Olive Pargeter, ambayo ilikuwa nyepesi hata ukaweza kuona ua lililochorwa chini ya kikombe.

"Shoga, hii ni chai au umesuuza majani?" Winifred Tapsell akauliza.

"Kunywa tu. Ya kwako jana paka aliikataa."

Wanawake hawa wawili walikuwa wakidarizi pamoja tangu usichana wao, kwenye chumba kirefu kilichokuwa juu ya duka la fundi cherehani. Winifred alikuwa mjane mwenye msuko mmoja mweupe aliouzungusha kichwani. Olive hakuwahi kuolewa, na alikuwa wa kwanza kujitania kwa hilo. Zamani wasichana wa kazi hii walikuwa na mchezo wao: ukishona gauni la bibi harusi, unachomeka unywele wako mmoja kwenye pindo, nawe utapata mume. Olive alisema alichomeka mpaka akakaribia upara, na mume hakutokea.

Kazi iliyokuwa kwenye fremu yao mwezi ule haikuwa gauni. Ilikuwa bendera mpya ya rejimenti ya Haverstone, hariri tupu, na juu yake walitakiwa kudarizi kwa nyuzi za dhahabu majina ya mapigano ambayo rejimenti ilitunukiwa baada ya Vita Kuu. Rejimenti ilikuwa imepigana mahali pengi, lakini amri ilisema majina kumi tu ndiyo yatakayokaa kwenye hariri. Hapo mji ulichachamaa. Wakubwa walitaka kuliacha jina la Morcelle, maana kule hakukuwa na ushindi wa kujivunia. Kulikuwa na tope jeupe la chokaa, na vijana wa Haverstone waliingia ndani yake asubuhi moja wasionekane tena, hata kifungo cha koti hakikurudi. Hubert, mtoto mkubwa wa Winifred, alikuwa mmoja wao.

Winifred akawaongoza mama wenzake mpaka ofisini kwa kanali. "Makaburi hatuna," akamwambia. "Basi tupeni jina." Kanali akakubali.

Kama wangeishia hapo, ningekuwa sina la kuwasimulia. Lakini mama mmoja alikumbuka ule mchezo wa wasichana, akaleta nywele za mwanawe zilizokatwa alipokuwa mdogo. Wa pili akaleta, wa tatu akaleta. Herufi za dhahabu hutuna kwa sababu chini yake hujazwa uzi wa pamba, na ndani ya pamba ile Winifred akawaficha watoto wa watu, kishungi baada ya kishungi, ndani ya jina la mahali walipopotelea. Jambo la huruma, utasema. Sawa. Lakini bendera ya vita si kitanda cha kulazia watoto.

Cha Hubert alikiacha kiwe cha mwisho, kwenye herufi ya mwisho kabisa. Alisubiri Olive aende zake, akawasha taa ya gesi, akafungua kikopo alichotoka nacho nyumbani. Humo mlikuwa na vishungi viwili vya nywele za kitoto, rangi moja ya majani makavu. Cha Hubert alikifunga kwa utepe wa buluu. Cha Clement, mdogo wake, kwa utepe wa kijani. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akachukua kimoja, akafungua utepe wake, akakibusu, akakishona.

Clement alikuwa hai. Wakati wa Morcelle bado alikuwa akisoma. Sasa alikuwa koplo kambini, ameteuliwa kusimama ubavuni mwa bendera siku itakapobarikiwa. Jioni alikuwa akija kula kwa mama yake, na alikuwa mlaji hasa. Jioni ya pili baada ya kushonwa kile kishungi, alikaa mbele ya soseji na viazi vyake bila kugusa uma.

"Alder," akasema taratibu. "Brockway."

"Akina nani hao?"

"Sajini anaita majina, mama. Husikii?"

Winifred akasikiliza. Palikuwa na mvua kwenye bati la banda, basi.

"Sajini gani?"

"Dunnock." Clement alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. "Yuko mbali bado. Kule barabarani."

Sajini Dunnock aliingia Morcelle mbele ya vijana wake, naye hakurudi. Alder na Brockway walikuwa nyuma yake. Mama zao ndio waliokuwa wa kwanza kuleta nywele, na Clement hakuambiwa habari za nywele na mtu yeyote.

Winifred akamshika paji la uso. Lilikuwa baridi. Alipoinama kuokota kitambaa kilichoanguka, akaona viatu vya mwanawe. Udongo wa Haverstone ni mwekundu, kila mama pale ameufua kwenye soksi akauchukia. Viatu vya Clement vilikuwa vimegandwa na tope jeupe.

Siku zilizofuata majina yalisogea. Clement aliyasema kwa kunong'ona, kama anayemfuatisha mtu, huku macho yake yako mlangoni. Finch. Garland. Kemble. Wote ni marehemu, wote wako mule ndani ya dhahabu. Sajini alikuwa ametoka barabarani, akafika langoni, kisha siku moja Clement akasema, "Nyumbani ameondoka. Amehamia kwenye ngazi za kazini kwenu."

"Mwanangu, na likifika lako?"

Clement akamtazama kama ameulizwa swali la kipumbavu. "Nitaitika. Mwanajeshi akiitwa haitiki?"

"Halafu?"

"Halafu tutakwenda, mama. Wenzangu wamenisubiri sana."

Mama yule hakulala. Alikaa jikoni na shali yake, akiogopa kupanda juu, na akiogopa zaidi kumwacha peke yake Clement, aliyelala kwake usiku ule mpaka alfajiri aliporudi kambini.

Asubuhi iliyofuata Olive alimpokea mlangoni mwa chumba cha kazi, uso umempauka. "Njoo uone. Nambie kama ni macho yangu."

Kwenye fremu majina tisa yalikuwa yametulia. Jina la kumi lilikuwa limeota nywele. Zilipenya katikati ya nyuzi za dhahabu, fupi fupi, kama ndevu za maiti ambaye hakunyolewa. Herufi ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nywele ndefu kuliko zote.

"Nimezikata," Olive akanong'ona. "Nimezikata nikaenda kuweka birika. Kurudi, hizi hapa."

"Hii ya mwisho ni ya Hubert."

"Ulimshona lini? Sikukuona."

"Jioni. Ulikuwa umeondoka."

Olive akaitazama gesi. "Na taa uliwasha?"

Chumba kile kilikuwa na sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa wiki moja aliijua: taa ikishawashwa, hakuna kuchagua rangi. Chini ya gesi buluu na kijani hufanana kama mapacha. Yeye mwenyewe alikuwa amewafokea wasichana wangapi kwa kosa hilo.

Akakitoa kikopo mfukoni mwa aproni, akaenda nacho dirishani, kwenye mwanga wa mchana. Akafungua.

Kishungi kilichobaki kilikuwa na utepe wa buluu.

Alimshona mtoto aliye hai.

"Nimemtoa Clement mimi mwenyewe," akasema. "Olive, nimemwandikisha kwa mikono yangu."

"Basi mfumue. Kapteni anakuja kuichukua alasiri. Kesho wanaibariki na Clement atakuwa chini yake. Mfumue sasa hivi."

Winifred akavaa kastabini, akashika mkasi mdogo. Nyuzi za dhahabu zilikatika bila shida. Akaitoa pamba. Ilikuwa imelowa, nyeupe, yenye kunuka mtaro. Ndani yake hapakuwa tena na nywele za kitoto. Palikuwa na nywele za mwanamume, za kahawia, zilizonyolewa kijeshi kisogoni. Alipozivuta hazikutoka. Zilikuwa na mizizi.

Akavuta tena, kwa nguvu. Kitu kikaachia kama nyasi zinavyong'oka kwenye udongo mbichi.

Chini, kwenye ngazi, mtu akakohoa.

"Nenda kaone ni nani," Winifred akasema.

Olive akafungua mlango, akachungulia. Akaufunga polepole, akauegemea.

"Hakuna mtu," akanong'ona. "Lakini ngazi zinalia."

Ndipo Winifred akasikia. Sauti kavu ya mwanamume, isiyo na haraka.

"Orchard."

"Nipo."

"Pinnock."

"Nipo."

Majina yalikuwa yakienda kwa mfuatano wa herufi, kama jeshi linavyoita. Na kila aliyeitika alikuwa ngazi moja juu zaidi.

Winifred akakitoa kishungi cha Hubert kwenye kikopo, akakibana kwenye pamba mpya, akaanza kushona. Uzi ukakatika. Akachomeka mwingine. Ukakatika. Wa tatu ukakatika kabla haujagusa hariri.

"Rudge."

"Nipo."

"Kwa nini hukai?" akalia. "Baba, kwa nini hukai? Ni mahali pako."

"Sallow."

"Nipo."

Mlango ulikuwa na unyevu sasa. Tope jeupe lilikuwa likipenya chini yake na kuzunguka viatu vya Olive. Olive alikuwa amefumba macho.

"Tapsell wa kwanza."

"Nipo," ikajibu sauti iliyo karibu sana, upande wa pili wa mlango, na Winifred akadondosha sindano. Ile ilikuwa sauti ya Hubert. Ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa mafua, wa mtoto asiyejifunga shali shingoni hata umwambie mara ngapi.

Hapo akaelewa kwa nini kishungi kilikataa. Hubert hakuhitaji kuandikishwa. Hubert alikuwa yuko siku zote. Nafasi aliyoifungua yeye kwa sindano ilikuwa nyingine, na jeshi likishafungua nafasi haliifuti. Linangoja mwenye jina hilo.

Akaingiza kile kishungi cha Hubert mfukoni, pamoja na utepe wake wa buluu. Akashusha msuko wake kutoka kichwani, akakata ncha. Nywele nyeupe zikajaa kiganja chake.

"Winnie," Olive akasema. "Winnie, usifanye."

"Na mimi ni Tapsell."

Uzi haukukatika tena. Dhahabu ilipita juu ya nywele zake laini kama siagi, mshono baada ya mshono. Aliogopa. Tusimsingizie ushujaa; aliogopa mpaka meno yakagongana. Lakini alishona mpaka mwisho, akaficha ncha ya uzi, maana hakuwahi kutoa kazi yenye ncha inayoning'inia.

Nje ya mlango kimya. Kisha:

"Tapsell wa pili."

Winifred akasimama. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka kitini.

"Nipo," akasema.

Olive alisema baadaye kwamba taa zote zilizimika, ingawa hazikuwa zimewashwa. Ndivyo alivyoeleza, wala hakuwahi kupata maneno mengine. Alipofumbua macho ilikuwa tayari alasiri, na kapteni alikuwa akigonga, ameshikilia kofia yake, akiuliza nani amechafua ngazi za watu namna hii. Tope jeupe lilijaa alama za viatu vya jeshi, zote zikishuka, mbili mbili, kwa hatua moja. Katikati ya safu palikuwa na alama za kiatu kidogo cha kike. Nazo zilikwenda kwa hatua ileile.

Walimtafuta Winifred mtoni, stesheni, kila mahali. Clement aliamka saa hiyohiyo kwenye benchi la kambi, akiwa na njaa ya ajabu, asikumbuke jina hata moja. Kisogoni mwake palikuwa na kiraka kisicho na nywele, upana wa ukucha, na hazikuota tena maisha yake yote. Kesho yake alisimama chini ya bendera, akaambiwa anyooshe kidevu, na machozi yakamfika kwenye kola.

Bendera ile ilistaafu siku nyingi. Inaning'inia juu kwenye kanisa kuu, na desturi ya bendera za namna hiyo ni kwamba haishonwi wala haiguswi, inaachwa ioze mpaka idondoke yenyewe kama vumbi. Hariri imebaki nyuzi nyuzi. Majina tisa hayasomeki. Morcelle linasomeka ukiwa mlangoni, na chini ya herufi yake ya mwisho unashuka msuko mweupe, mrefu kuliko ulivyokuwa mwaka jana.

Clement, ambaye Olive alimsimulia yote, alipozeeka, mtunza kanisa alimwekea ngazi ndefu ili autazame kwa karibu. Walichelewa, jioni ikaingia, mtunza kanisa akawasha taa. Mzee akashuka bila kuinua macho.

"Si kwa taa," akasema.

Akarudi kesho yake mchana kweupe, akapanda taratibu, mkono mmoja ukiwa umefunika kile kiraka kisogoni. Ncha ya msuko ilikuwa imefungwa utepe, fundo jipya, bado lina unyevu.

Ulikuwa wa buluu.