Wimbo Kwenye Ulimbo

Tundu la kwanza la ndege lilimwangukia mteja kichwani, nywele zikiwa zimesukwa nusu. La pili lilipasua kioo. Msusi akashika chanuo lake la mkia kama kisu, akatoka kibandani kwenda kuona ni nani aliyechoka kuishi.

Ilikuwa Jumamosi na soko limefurika. Kibanda cha jirani kilikuwa cha kaka yake, muuza ndege, na mbele yake vumbi lilikuwa limetimka. Kaka, mtu wa miraba minne, alikuwa amemkaba koo kijana mrefu mwembamba, shati lake la kijani limenyooka kwa pasi utadhani alikuwa njiani kwenda kuposa. Kijana alikuwa amening'iniza darubini shingoni na ameshika koleo la kukatia waya. Matundu kadhaa yalikuwa wazi, na ndege walikuwa wakijigonga kwenye mabati.

“Fungulia tena uone!” Kaka alinguruma, akamshushia ngumi ya mdomo.

Kijana alianguka chali. Kabla hajapapasa meno yake, alipapasa darubini.

“Kaka, mwache! Utaua mtu mbele ya wateja wangu!” Msusi alijitosa katikati. Kaka alikuwa amemlea tangu wazazi wao walipofariki, na duniani alikuwa akimsikiliza yeye tu. Akatema mate pembeni, akaenda kukimbizana na ndege wake.

Msusi alimfuta kijana damu kwa taulo lenye harufu ya dawa ya nywele. “Umenivunjia kioo, unajua?”

“Nitakuletea kingine. Mimi kazi yangu ni vioo. Natengeneza miwani.”

“Na koleo?”

“Koleo nitaacha nyumbani.”

“Mdomo umevimba kama andazi na bado unajibu! Wewe hukufunzwa kunyamaza? Hivi ulitegemea nini, akupigie makofi? Watu wanafanya biashara, wewe unakuja na...”

“Chiriku,” kijana akasema, akicheka kwa maumivu. “Unalia kama chiriku.”

Jina hilo likamganda. Kioo kililetwa, kikafuatiwa na miwani ya jua, kisha mwaliko. Majira ya machipuko yalipoingia na miti ya mjini ikavaa majani mapya, Fundi Miwani alikuwa akiongoza msafara wa watazama ndege kila mwisho wa wiki: wastaafu wenye kofia pana, basi dogo, chupa za chai. Siku ya kwanza Msusi alitokea na gauni la njano na viatu vya visigino, na visigino vikazama kwenye tope la hifadhi.

“Mpenzi, hapa hatuendi harusini.”

“Basi nibebe.”

Akabebwa, wastaafu wakajifanya wanatazama korongo.

Fundi alikuwa na masharti yake: hakuna kupiga kelele, hakuna kusogelea kiota, na la mwisho alilisema akiwa amemkazia macho. “Mahali walipo ndege haambiwi mtu. Hata mama yako mzazi.” Katikati ya matete, chiriku wa kifua chekundu walikuwa wakijenga, ndege ambao sokoni hawakuonekana tena kwa sababu walishamalizwa. Msusi alipomwona dume wa kwanza kwenye darubini, alisahau hata kuongea. Nyumbani alimwambia Kaka kwamba anakwenda kusuka mabibi harusi.

“Mji huu unaoa sana siku hizi,” Kaka alisema.

Kosa lenyewe lilikuwa tamu. Alfajiri moja Fundi alirekodi wimbo wa dume akiwa kwenye matete, akamtumia Msusi kwenye simu. Mwishoni mwa wimbo alikuwa amenong'ona, “Nakupenda, Chiriku wangu.” Msusi aliusikiliza mpaka masikio yakawa moto, kisha akaufanya mlio wa simu yake. Hakuwa amemwambia mtu mahali, kwa hiyo aliona hajavunja sharti lolote.

Simu ikalia sokoni mchana kweupe. Kaka, aliyekuwa akimimina mtama kwenye vikopo vya ndege, alisimamisha mkono. Mtegaji anajua wimbo wa dume anayelinda kiota. Na nyuma ya wimbo ule palisikika ngurumo ya pampu za maji ya mji, na pampu hizo ziko mahali pamoja tu.

“Niazime simu nimpigie mtu,” alisema baadaye kwa upole. Msusi akampa.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na mteja asiyeahirishika, hakwenda hifadhini. Fundi alipompigia simu asubuhi, alipokea kwa madaha. “Umeshanikumbuka, baba?”

“Nyamaza. Sikiliza.”

Akasikia wimbo, halafu sauti ya Fundi ikinong'ona, *Nakupenda, Chiriku wangu.* Wimbo tena. *Nakupenda, Chiriku wangu.* Nyuma yake kulikuwa na mpapatiko wa mabawa, na mlio mwembamba ambao haukuwa wimbo.

“Wamefunga spika kwenye matete,” Fundi alisema, kwa sauti ambayo Msusi hakuwahi kuisikia kwake. “Vijiti vyote vimepakwa ulimbo. Wanakuja kupigana na hiyo sauti wakidhani ni dume mwingine, wananata. Mmoja amejing'oa mguu, akanata kijiti cha pili. Upo hapa kwenye gundi, Chiriku. Mguu peke yake.”

“Fundi, sikiliza...”

“Sauti hii nilimpa mtu mmoja.”

“Haki ya Mungu sikumwambia mtu!”

“Umeniuza.”

Kisha pakawa na mayowe ya wanaume, matete yakivunjika, kishindo, na kitu kikavunjika ambacho hakikuwa tete. Fundi alipiga ukelele. Simu ikakatika.

Kaka alirudi jua likiwa la utosi, shati lina damu, boksi kwapani. Ndani ya boksi kulikuwa kunakwaruza. Msusi alikuwa amesimama kando ya birika la maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta.

“Damu ya nani?”

“Ya bwana harusi wako.” Kaka alicheka. “Nilimwambia afungulie tena aone.”

“Umemuua?”

“Mkono tu. Nimeukanyaga mpaka ukalia ka! Wewe ulidhani mimi mjinga? Nilale njaa ili wewe ukacheke na mtu anayenivunjia matundu? Nimekulea, mdogo wangu. Kila ulichonacho ni cha mkono huu.”

Msusi alimmwagia birika zima miguuni.

Kaka alinguruma kama aliyechomwa mkuki. Ngumi yake ilimpata Msusi shavuni, akarushwa hadi kwenye kile kioo alicholetewa na Fundi, kikawa vipande. Kitu kikaviringika ulimini. Akatema, ni jino. Kaka alipoinama kuvua viatu vilivyokuwa vikimuunguza, Msusi alinyakua boksi akakimbia, pekupeku, damu ikimchuruzika kwenye blauzi nyeupe, na soko lote likimpisha.

Fundi alikuwa ametoka hospitali, mkono umefungwa plasta ngumu. Alifungua mlango wa chumba chake, juu ya duka la miwani, na kumtazama Msusi akiwa bado kwenye ngazi.

“Ondoka.”

“Nitaondoka. Pokea hawa kwanza.”

Fundi alitazama boksi, kisha uso. “Nani kakufanya hivyo?”

“Aliyekufanya wewe. Kaka yangu. Alisikia simu ikilia, Fundi. Niliweka wimbo wako uwe mlio, ili kila anayenipigia anipe salamu zako. Huo ndio ujinga wangu. Nipige na wewe kama unataka, lakini usiseme nimekuuza.”

Fundi aliegemea ukuta, akafumba macho. “Nilisema asiambiwe mtu walipo,” akasema polepole, “halafu nikaituma sauti yao kwenye simu mimi mwenyewe. Ingia. Mafuta ya kupikia yako jikoni.”

Waliketi sakafuni. Fundi alielekeza, Msusi akafanya, akilainisha unyoya mmoja mmoja kwa mafuta kama anavyotoa gundi kwenye nywele za mteja. Mmoja alimfia kiganjani, kifua bado cha moto, naye Msusi akalia kwa sauti bila kuacha kazi.

Mlango ulipoanza kupigwa kwa nondo, walijua ni nani.

“Toa ndege wangu! Nawachinja wote wawili!”

Bawaba ya juu iling'oka. Fundi alisimama mbele ya mlango na mkono wake mmoja. Msusi alichukua simu, akawapigia askari wa hifadhi, akataja majina ya kaka yake yote matatu. Walimkuta Kaka ameingiza bega ndani. Walimwangusha kwenye ngazi, wakamkanyaga mgongo, wakamfunga pingu.

“Nilikubeba mgongoni!” alimlilia Msusi, uso umebanwa ukutani. “Mimi! Nilikubeba!”

“Najua, Kaka,” alisema Msusi.

Asubuhi wakapeleka boksi kwenye matete. Chiriku waliruka mmoja mmoja, wa mguu mmoja akiwa wa mwisho, akipepesuka. Kimya kikafuata, pampu tu zikinguruma.

Kisha wimbo ukasikika.

Msusi alimshika Fundi bega. Askari walisema spika wameiondoa, lakini wimbo ulikuwa uleule. Uliisha. Wakasubiri ile sauti ya kunong'ona.

Haikuja. Juu ya tete, dume wa mguu mmoja alijikung'uta, akaanza tena.

“Ni yeye mwenyewe,” Fundi alinong'ona.

“Sasa yale maneno atayasema nani?”

“Nakupenda, Chiriku wangu. Nataka nikuoe.”

“Utaniposa kwa nani?” Macho yalimjaa machozi. “Aliyenilea yuko rumande.”

“Kwa huyohuyo.”

“Atakuvunja na mkono wa pili.”

“Nitavaa shati la kijani,” Fundi alisema. “Koleo nitaacha nyumbani.”

Msusi alicheka mpaka pengo likaonekana, kisha akauficha uso wake kwenye plasta ya mkono ule, akamlilia kaka yake.